Kupanga uwiano wa hewa na mafuta ili gari liwe na nguvu: njia ipi inafaa Tabora na Kigoma?

Gari lililorekebishwa Dar es Salaam likifika Tabora linavuta hewa nyingine. Tabora mjini ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku iko chini ya ile ya pwani kwa takriban asilimia 13. Kigoma, ukiwa ufukweni, uko kwenye mita 770 hivi na upungufu ni karibu asilimia 9. Injini isiyo na tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa ya ziada) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Chukua Mark II GX110 yenye injini ya 1G-FE BEAMS, ambayo kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 160. Tabora inabaki na kama 140, Kigoma kama 146. Ukishuka kutoka Tabora hadi ziwani unaongezewa farasi sita hivi bila kufungua hata boneti.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila njia ya kugusa mchanganyiko wa hewa na mafuta inapaswa kushindanishwa nayo. Ziko njia zitakazokula pesa yako na kukurudishia chini ya farasi hao sita. Ziko zinazofanya kazi vizuri Tabora, kisha zinaunguza pistoni pwani. Na zipo zinazostahili kabisa, ila kwa gari fulani tu. Nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayeishi Tabora au Kigoma, anayetegemea gereji za huku, na ambaye gari lake linapita Urambo, Kaliua na Uvinza likiwa na abiria na mzigo.

Namba za kuzingatia

Petroli huungua yote, hewa yote ikatumika, pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo moja ya mafuta. Mafundi huandika 14.7, au huita lambda 1. Hapo ndipo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapolishikilia gari ukiwa unatembea taratibu, kwa sababu masega ya bomba la moshi (katalaiza) yanasafisha vizuri zaidi hapo. Ukitaka kubana mafuta, injini inakubali kwenda mpaka 15.5 au 16 mzigo ukiwa mdogo. Ukitaka nguvu, unazidisha mafuta kidogo: injini isiyo na tabo hutoa nguvu yake ya juu kati ya 12.5 na 13.2, na yenye tabo kwa kawaida huwekwa 11.5 hadi 12, kwani mafuta ya ziada yanapooza chumba cha kuunguzia.

Nikisema mchanganyiko mzito, mafuta yamezidi. Nikisema mwepesi, hewa imezidi. Mzito kupita kiasi unakula wese, unatoa moshi mweusi, unaosha ukuta wa silinda na kuchafua oili. Mwepesi ukiwa umekanyaga mpaka chini ni hatari kubwa zaidi: joto linapanda, injini inaanza kugonga kwa mlio kama wa changarawe ndani ya kopo, na likiendelea hivyo pistoni inatoboka au valvu inaungua.

Sasa ukweli ambao wauzaji wa vifaa hawapendi kuusema. Kutoka 14.7 kwenda 12.8 kunaongeza nguvu kama asilimia 4 au 5 hivi. Lakini karibu kila gari la nozeli, yaani linalopuliziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta badala ya kabureta, lilishapangwa kiwandani kuzidisha mafuta unapokanyaga mpaka mwisho. Toyota hawakukuachia kazi hiyo. Tena mstari wa nguvu juu huku umelala: kati ya 12.2 na 13.2 tofauti ni ndogo mno, huwezi kuisikia ukiwa kwenye kiti. Kwa hiyo gari zima lisilo na tabo halina hazina iliyofichwa kwenye mchanganyiko. Hazina ipo kwa gari ambalo limetoka kwenye namba zake, au gari lililobadilishwa kitu: tabo, kamshafti, nozeli, au injini nzima.

Kwanza: utapima kwa nini?

Hapa ndipo napotaka usome polepole, kwa maana njia zote zinazofuata hazina maana kama hujui gari linaunguza kwa namba gani.

Njia ya wazee ni kusoma plagi. Unaweka plagi mpya, unakanyaga mlimani, unazima injini ikiwa bado ina mzigo, unafungua na kutazama. Nyeusi yenye masizi: mafuta yamezidi. Nyeupe kabisa, ncha zimeanza kuwa na vitone: hewa imezidi na joto ni kali. Kwa kabureta bado ni njia yenye heshima, na inagharimu plagi tu. Udhaifu wake ni kwamba petroli ya sasa isiyo na risasi inaacha rangi hafifu, na plagi haikuambii mchanganyiko ulikuwaje kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 3,000 na ulikuwaje kwenye 5,000. Inakupa jumla ya yote.

Njia ya pili ni sensa ya oksijeni iliyokuja na gari. Wengi wananunua saa ya kuisoma, yenye taa za rangi, wakidhani wamepata kipimo. Sensa hii inajua jambo moja: uko juu ya 14.7 au uko chini. Hewa ikizidi inatoa kama volti 0.1, mafuta yakizidi inatoa kama 0.9, na inaruka ghafla katikati. Kwenye 13.5 na kwenye 12 itakuonyesha karibu volti ile ile. Bosch ndio walioianzisha kwenye magari ya Volvo mwaka 1976 kwa ajili ya kusafisha moshi, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Kwa kutafuta nguvu haifai.

Ya tatu ni kuchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, hata vile vidogo vya Bluetooth vinavyotumia simu. Havisomi uwiano halisi, lakini vinaonyesha marekebisho ambayo kontroli boksi inafanya yenyewe. Yakiwa ndani ya asilimia 10, kuongeza au kupunguza, gari liko sawa. Likiongeza mafuta kwa asilimia 15 au 20 muda wote, kuna hewa inayoingia pasipotakiwa, pampu imechoka, au sensa ya hewa ni chafu. Kumbuka tu kwamba magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi yenye umbo lile lile lakini hayazungumzi lugha ya vifaa hivi vya bei nafuu. Usimlaumu fundi kifaa kikigoma. Tafuta mashine inayojua Toyota za soko la ndani la Japani.

Ya nne ndiyo ninayoitetea: waidibendi. Ni sensa ya waya tano au sita, maarufu ikiwa LSU 4.9 ya Bosch, pamoja na kisanduku chake na saa ya kusoma. Hii inakupa namba yenyewe, 12.6 au 13.4, mara nyingi kwa sekunde. Katika vyote nilivyovitaja hapa, ndiyo ya kwanza kununuliwa na mtu mwenye nia ya kweli, hata kabla ya kuchagua njia ya kurekebisha. Inahama na wewe: ukiuza gari unaing'oa. Na inagundua ugonjwa mapema.

Nikuonyeshe inavyosema. Unapanda mlima, gia ya pili, mguu umefika chini. Saa inasoma 12.8 kwenye RPM 3,000. Inakaa 12.8 mpaka 4,500. Halafu inaanza kupanda: 13.1, 13.4, ikifika 5,200 inasoma 13.9. Hakuna programu iliyobadilika hapo katikati. Hiyo ni pampu ya mafuta iliyochoka au filta iliyoziba: mahitaji yameongezeka, mafuta hayafiki. Bila waidibendi mwenye gari angesema "juu huko linakosa nguvu kidogo" na kuendelea kukanyaga.

Ina masharti, na gereji nyingi huyapuuza. Ifungwe kabla ya masega, ikiwa imeinama juu ya mlalo kwa angalau nyuzi 10 ili maji ya asubuhi yasikae kwenye kauri yake yakaipasua. Bomba likivuja mbele yake, hewa ya nje inaingia na kusomeka kama mchanganyiko mwepesi, nawe unaongeza mafuta yasiyohitajika. Plagi moja ikipiga misi ni hivyo hivyo: oksijeni ambayo haikuungua inapita, saa inasema hewa imezidi. Usiiache kwenye bomba ikiwa haina umeme, maana bila joto lake la ndani inashika masizi na kufa. Na silikoni ya gasketi tunayoipaka kila mahali ina aina zinazoua sensa ya oksijeni, kwa hiyo nunua ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa na upake kidogo.

Kurudisha gari lilivyokuwa

Kwa IST, Premio, Noah, RAV4 na GX100 zisizo na tabo, hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na kwa wengi ndiyo ya mwisho. Plagi sahihi, koili nzima, nozeli zilizooshwa na kupimwa kiasi zinachomwaga, filta ya mafuta mpya, presha ya pampu imepimwa kwa geji, throto imesafishwa, sensa ya oksijeni iliyochoka imebadilishwa, mipira ya hewa iliyopasuka imetolewa. Gari la miaka ishirini lililopita barabara za vumbi linaweza kuwa limepoteza nguvu nyingi zaidi kwa uchakavu wa vitu hivi kuliko ambavyo kompyuta yoyote ingeliongezea.

Ea klina ina neno lake. Kiangazi cha Tabora kina vumbi laini linaloingia kila mahali, na kwenye njia za mashamba ya tumbaku karatasi ya ea klina inajaa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ile ya koni inayofungwa wazi ndani ya boneti inasikika vizuri, lakini inavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini, na yenye oili inachafua waya wa sensa ya hewa. Baki na boksi la kiwandani na karatasi nzuri. Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali zaidi, utaona faida ya kuvuta hewa ya baridi kutoka nje.

Kabureta na jeti

Land Cruiser na Hilux za zamani bado zipo vijijini, na bodaboda nyingi ni kabureta. Hapa mwinuko unatawala. Kabureta haijui uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi lakini mafuta hayapungui kwa kiwango kile kile, hivyo mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Gari lililowekwa 12.8 Dar litasoma kama 11.9 Tabora: moshi, ulaji wa mafuta, na nguvu zinazosuasua juu ya zile zilizopotea kwa sababu ya hewa. Kushusha jeti kuu, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kwa saizi moja au mbili kunarudisha uhai, na ni kazi ya gharama ndogo kuliko zote kwenye orodha hii.

Hatari iko upande wa pili. Ukiweka jeti hadi ukapata 13.0 Tabora, Kigoma itasoma kama 13.3, na ukiipeleka Dar itakaribia 14. Safari ya Kigoma hiyo inavumilika. Ya pwani, umepakia, kwenye joto, haivumiliki. Mwenye kabureta anayesafiri mbali abaki na seti mbili za jeti, au aiweke Tabora kwenye 12.3 na kukubali kunywa mafuta kidogo zaidi.

Na ile skrubu inayochezewa na kila mtu pembeni mwa kabureta inahusu sailensi tu, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa, na mwanzo wa kukanyaga. Ukiwa umekanyaga mpaka chini, haina usemi wowote. Anayekuambia ameongeza nguvu kwa kuizungusha robo mzunguko amekurekebishia sailensi.

Regyuleta ya presha, na kuidanganya sensa

Regyuleta ya presha ya mafuta inayorekebishwa inauzwa kwa bei inayovutia na inafungwa haraka. Mafuta yanayotoka kwenye nozeli yanafuata mzizi wa pili wa presha, kwa hiyo ukipandisha presha kwa asilimia 10 unapata mafuta kama asilimia 5 zaidi. Tatizo ni kwamba inaongeza kila mahali. Ukitembea taratibu kontroli boksi inaona mafuta yamezidi na inayapunguza, na magari kadhaa hubeba marekebisho hayo mpaka pale unapokanyaga mwisho. Unajikuta umerudi ulipoanzia, umepoteza pesa. Naiona na maana sehemu moja: gari lenye nozeli zinazokaribia mwisho wa uwezo wake, likiwa na waidibendi, kama hatua ya muda.

Kuweka rezista kwenye sensa ya joto ili kompyuta idhani injini ni ya baridi imwage mafuta, sikushauri kabisa. Unaharibu taimingi (wakati plagi inapowasha moto), feni inaweza kuchanganyikiwa, na siku injini inapochemka kweli, kompyuta ndiyo ya mwisho kujua.

Kisanduku cha nyongeza

Hivi ni visanduku kama S-AFC ya Apexi, vinavyokaa kati ya sensa ya hewa na kontroli boksi na kubadilisha kidogo ishara inayopita. Vilipendwa sana enzi za Mark II za tabo na Supra, na vilivyotumika bado vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya Japani. Uzuri wake kwetu ni kwamba kontroli boksi ya kiwandani inabaki kazini. Mwinuko, baridi ya asubuhi, kuwaka kwa gari, vyote vinaendelea kushughulikiwa na kompyuta iliyotengenezwa na watu waliofanya majaribio ya miaka. Wewe unagusa asilimia chache, kwenye RPM unazotaka. Kikiharibika njiani Malagarasi, fundi umeme anaunganisha waya zilivyokuwa na unaendelea na safari.

Ubaya wake unafichwa na urahisi huo. Ukipunguza ishara ya hewa ili upunguze mafuta, kompyuta inadhani mzigo umeshuka, na kwenye mzigo mdogo yenyewe husogeza taimingi mbele. Umefanya mchanganyiko kuwa mwepesi na taimingi kuwa kali kwa mguso mmoja. Kwenye injini ya tabo hiyo ndiyo njia fupi ya kwenda kwenye oveho. Kwa hiyo nakikubali kwa marekebisho madogo, na kwa kuongeza mafuta kuliko kupunguza.

Kurimapu kontroli boksi

Ukiwa na Subaru ya tabo ya miaka ya 2000, Forester au Impreza, usitazame pengine. Kompyuta zake nyingi zinasomeka na kuandikwa upya kwa kebo na laptopu, na RomRaider, programu inayotumiwa kuhariri majedwali yake, inapatikana bila malipo. Unabadilisha mafuta, taimingi na presha ya tabo pamoja, kila kimoja mahali pake, na sensa ya kugonga ya kiwandani inaendelea kulinda injini. Hakuna waya unaokatwa. Ukitaka kurudi nyuma unaandika faili la mwanzo, ambalo lazima ulihifadhi kabla hujagusa lolote.

Faida ya mchanganyiko hapa ni ya kweli, kwa sababu magari ya tabo ya kiwandani huwekwa mazito sana kwa usalama. Kutoka 10.8 kwenda 11.6 unasikia tofauti. Tabo pia inapunguza tatizo letu la hewa nyepesi, maana inaweza kusukuma zaidi kufidia, ila ili ifike presha ile ile Tabora inabidi izunguke kwa kasi kubwa kuliko ingezunguka Dar. Usiongeze presha bila kulijua hilo.

Kikwazo ni mtu. Kuandika upya kunahitaji anayeelewa majedwali, na wengi hutumiwa faili kutoka mbali. Faili la mbali linaweza kuwa zuri kama anayelitengeneza anapokea rekodi za gari lako na kukurudishia marekebisho. Faili linalouzwa tayari, "linafaa Forester zote", likatae. Toyota nyingi za zamani hazina njia hii kabisa, kwa sababu programu imefungwa ndani ya chipu isiyoandikwa upya.

Kontroli boksi ya kujitegemea

Hapa unatoa kompyuta ya kiwandani na kuweka ya kwako: Haltech na Link kwa mwenye fedha, MegaSquirt na Speeduino kwa mwenye subira. Speeduino imejengwa juu ya Arduino Mega na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Kijana wa VETA anayejua kushika pasi ya kulehemu anaweza kuiunda. Unapata uhuru wote, pamoja na jedwali la uwiano unaoutaka kwa kila RPM na kila mzigo, na programu ya TunerStudio inaweza kusahihisha jedwali yenyewe kwa kusoma waidibendi.

Kwa 1JZ-GTE, injini ya tabo ya Toyota, iliyowekwa kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, au injini ya kabureta unayotaka kuipa nozeli, hakuna njia nyingine ya maana. Kwa IST ya kwenda kazini ni kujitafutia matatizo: kuwaka asubuhi, sailensi eyakondishena ikiwashwa, giaboksi ya otomatiki inayotegemea kompyuta ile ile, vyote vinakuwa kazi yako.

Kuna mpangilio mmoja ambao kwa watu wa huku hauna mjadala: marekebisho ya presha ya nje. Kompyuta ikipangwa kupima mzigo kwa nafasi ya throto pekee, bila kusoma presha ya hewa, inakuwa mbaya kuliko kabureta. Ukiiweka 12.8 Tabora, Kigoma itasoma karibu 13.5, na Dar itafika 14.8 ikiwa umekanyaga mpaka chini. Muulize fundi swali hilo kabla hajafunga kitu. Akitumia sensa ya MAP, inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, tofauti hiyo inakuwa ndogo sana, ila bado awashe marekebisho hayo.

Gari lako ni lipi?

Toyota ya kawaida isiyo na tabo: rudisha lilivyokuwa, pima marekebisho ya kompyuta, simama hapo. Fedha inayobaki iende kwenye breki na matairi.

Land Cruiser ya kabureta inayokaa Tabora, Urambo na Sikonge: jeti, kwa kusoma plagi au kwa kuazima waidibendi ya rafiki.

Mark II ya 1JZ-GTE iliyokuja hivyo kutoka Japani: waidibendi kwanza. Kama namba ziko kati ya 11 na 12 juu kwenye presha, liache. Ukibadilisha tabo au bomba, kisanduku cha nyongeza kwa mguso mdogo. Ukienda mbali zaidi, ruka moja kwa moja kwenye kompyuta ya kujitegemea na usipoteze fedha katikati.

Subaru ya tabo: kurimapu, kwa mtu anayeomba rekodi zako.

Land Cruiser ya dizeli ya 1HZ iko nje ya mjadala huu. Dizeli haina namba ya kulenga kama petroli. Kuongeza mafuta kwenye pampu kunaleta moshi mweusi na joto la bomba, na ulinganisho wake ni mwingine kabisa.

Mahali pa kurekebishia

Kama gari lako litatembea Tabora na Kigoma, rekebisha Kigoma. Hewa ya ziwani ni nzito zaidi, kwa hiyo mchanganyiko ulio salama pale utakuwa mzito kidogo Tabora, na kosa la upande huo linakula mafuta bila kuua injini. Kupanda kutoka ziwani kuelekea Kasulu kunakupa mzigo wa muda mrefu kwa mwendo mdogo, jambo ambalo barabara ya tambarare ya Tabora kwenda Urambo haikupi bila kukimbia kupita kiasi. Tumia gia ya pili, asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, dereva atazame barabara na mtu wa pili ashike laptopu.

Jaza mafuta kituo unachokiamini kabla ya zoezi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inashusha uwezo wa kuzuia kugonga, na namba yako ya 12.8 haitakulinda. Petroli ya madumu ya njiani iache kwa safari ya dharura.

Anza mzito, 12.0 kwa isiyo na tabo na 11.0 kwa yenye tabo, na punguza mafuta kwa hatua ndogo, ukirudia mlima ule ule kila mara. Nguvu zikiacha kuongezeka, rudi hatua moja kwenye uzito. Saa ikipita 13.5 ukiwa umekanyaga mpaka chini, au ukisikia injini ikigonga hata kidogo, achia mguu papo hapo, rudi gereji ukitembea taratibu, na uanze na presha ya pampu kabla ya kugusa programu.